Kwa Nini Programu Husahau Ufunguo wa Leseni Yake

Bismillahir Rahmanir Rahim



Kila msimu wa memwari unapowadia, malalamiko ya aina moja husikika mabwenini na kwenye vyumba vya kompyuta vya vyuo vyetu hapa Bujumbura. Programu ya takwimu iliyofanya kazi wiki nzima inadai ufunguo upya asubuhi ya kukutana na msimamizi. Programu ya kuandikia inafungua faili lakini inakataa kuhifadhi hata neno moja. Mwenye kompyuta anasema ufunguo umepotea. Fundi anasema iletwe aiweke upya, na kuweka upya ni faranga nyingine, pengine na mafaili ya kazi yakaenda humo humo.

Somo hili linataka kuonyesha jambo moja: ufunguo wa leseni haupotei ovyo. Kuna mambo machache ambayo programu huyaangalia kila inapofunguliwa, na likibadilika moja tu, programu huacha kuamini kwamba una ruhusa. Anayeyajua mambo hayo hujua pia aulize nini, alipe nini, na akatae nini. Nimeyapanga kwa njia ya maswali matano.

Maana ya leseni

Tuanze na neno, kama tulivyozoea darasani. Kwa Kiarabu cha leo leseni ya programu huitwa rukhsa, na ndilo neno lililotupa sisi "ruhusa". Katika fiqhi tunaijua rukhsa kama wepesi unaofungamana na sababu. Msafiri hupunguza sala maadamu yuko safarini, na akirejea mjini kwake rukhsa ile huondoka. Hakuna aliyemnyang'anya kitu. Sharti ndilo limeondoka.

Leseni ya programu iko karibu na maana hiyo. Unapoinunua, kwa kawaida huuziwi programu yenyewe. Unapewa ruhusa ya kuitumia kwa masharti: kwa mtu fulani, kwenye kompyuta fulani, kwa muda fulani. Ule ufunguo, mathalani zile herufi na tarakimu 25 za Microsoft zilizogawanywa mafungu 5, ni alama tu ya ruhusa hiyo. Ukishauandika, programu huuhakiki, kisha huweka kumbukumbu ndani ya kompyuta kwamba mwenye mashine hii ameruhusiwa. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayoweza kufutika, kufichika au kukataliwa.

Swali la kwanza: kumbukumbu iliandikwa wapi, na kwa jina la nani?

Kompyuta yenye Windows inaweza kuwa na watumiaji kadhaa, kila mmoja na jina lake la kuingilia. Programu inaweza kuandika leseni mahali pa wote, au mahali pa mtumiaji mmoja tu. Hapo ndipo matatizo mengi huanza.

Chukua mfano wa kompyuta ya familia. Kaka aliweka programu akiwa ameingia kwa jina lake, na leseni ikaandikwa upande wake. Dada akiingia kwa jina lake, programu anaiona, lakini inamdai ufunguo. Kumbukumbu ipo salama kwa kaka, ila programu haimtafutii dada huko.

Kuna sura nyingine ya tatizo hilo, nayo huwachanganya hata mafundi. Tangu Windows Vista, iliyotoka 2007, mtumiaji wa kawaida hana idhini ya kuandika kwenye folda kuu za mfumo. Programu ya zamani ikijaribu kuandika leseni huko, Windows haigombani nayo. Huipeleka kimya kimya kwenye folda ya mtumiaji huyo, iitwayo VirtualStore. Programu inaridhika na kuendelea. Siku ukiifungua kwa idhini ya msimamizi wa kompyuta, haisomi tena folda ile. Inasoma folda kuu, haikuti kitu, na inakwambia huna leseni. Siku ya pili ukiifungua kwa kawaida, leseni imerudi. Wengine hudhani kompyuta ina jini, kumbe kuna sehemu mbili za kuhifadhia na ufunguo uko kwenye moja.

Dawa yake ni nyepesi. Ifunge programu, bofya alama yake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kuifungua kama msimamizi, kisha andika ufunguo mara moja. Mara nyingi utaandikwa mahali pa wote, na swali halitarudi. Kama programu inaandika kwa kila mtumiaji peke yake, kila mmoja atauandika upande wake, ikiwa masharti yanaruhusu.

Swali la pili: nani ameigusa kumbukumbu baada ya hapo?

Wanaoigusa bila wewe kujua ni wanne.

Wa kwanza ni programu za usafi. Zinaahidi kuipa kompyuta kasi kwa kufuta "takataka" kwenye rejista, yaani daftari kuu ambamo Windows na programu zake huandika mipangilio. Programu hizo hukisia kipi kinahitajika na kipi hakihitajiki, na leseni ikiwa imeandikwa mahali pasipo pa kawaida, huweza kufagiliwa pamoja na takataka.

Wa pili ni kinga dhidi ya virusi. Wakati mwingine hukosea na kuliweka kizuizini faili halali la leseni. Mara nyingi zaidi haikosei: imekamata faili lililowekwa na fundi ili kuvunja kufuli ya programu. Asubuhi mwenye kompyuta husema leseni imepotea, ilhali tangu mwanzo haikuwepo.

Wa tatu anapatikana kwenye vyumba vya kompyuta vya vyuo na vibanda vya intaneti. Ni programu kama Deep Freeze, ambayo kila kompyuta inapozimwa na kuwashwa huirudisha kama ilivyokuwa siku ilipofungwa. Hufanya hivyo ili wanafunzi wasiiharibu. Ukiandika ufunguo wako saa nne, kompyuta ikawashwa upya saa tano, ufunguo hauko, na hata sura ya pili ya memwari uliyohifadhi kwenye diski iliyofungwa haiko. Kwenye kompyuta kama hiyo usihifadhi kitu ila kwenye flashi yako, na leseni muachie msimamizi wa chumba aiweke wakati ameifungua.

Wa nne ni umeme. Sisi wa Bujumbura hatuhitaji kuelezwa habari ya umeme kukatika. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ikizimika ghafla wakati faili linaandikwa, faili hilo linaweza kubaki nusu. Ikishindwa kuwaka vizuri, wengi huchagua kuirudisha kwenye hali ya tarehe ya nyuma. Rejista nayo hurudi tarehe hiyo, na leseni iliyoandikwa baada yake huondoka.

Swali la tatu: je, kompyuta ni ile ile?

Kwa macho yako ni ile ile, kwa kuwa ganda halijabadilika na stika ya msikiti bado iko kifunikoni. Lakini programu nyingi hazitazami ganda. Zinasoma namba za vifaa vya ndani, kama diski, ubao mkuu na kadi ya mtandao, na kutokana na namba hizo zinajitengenezea alama ya kuitambua mashine. SPSS, ambayo wenzetu wengi wa sayansi ya jamii na uchumi huitumia, huweka idhini yake katika faili liitwalo lservrc ndani ya folda ya programu, na leseni ya mtu mmoja hufungwa kwa namba ya utambulisho inayotokana na kompyuta husika. Ndiyo maana kunakili faili hilo kwenye flashi na kulipeleka kwa rafiki hakumsaidii kitu.

Kwa hiyo ukibadilisha diski au ubao mkuu, leseni inaweza kukataliwa hata kama kumbukumbu ipo. Kuna programu zinazosoma namba ya kadi ya mtandao tu. Ikiwa siku ya kusajili ulikuwa umechomeka modemu ya USB na programu ikachukua namba yake, siku utakapoichomoa modemu programu itaona kompyuta ngeni.

Hapa pana faida ya kuokoa faranga zako. Tangu Windows 8, iliyotoka 2012, viwanda vikubwa vya kompyuta huandika ufunguo wa Windows ndani ya ubao mkuu wenyewe. Ukifuta diski yote na kuweka tena toleo lile lile la Windows, litausoma ufunguo huo bila kukuuliza. Fundi akiweka toleo la Pro kwenye kompyuta iliyokuja na Home, ufunguo hautaoana nalo, na kompyuta itadai leseni ambayo tayari unayo. Kabla ya kununua ufunguo mpya, uliza kwanza kompyuta ilikuja na toleo gani.

Swali la nne: kompyuta inaamini leo ni tarehe ngapi?

Ndani ya kompyuta ya mezani mna betri ndogo ya duara, mara nyingi aina ya CR2032. Namba hiyo ni kipimo chake: upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Kazi yake ni kuiendesha saa kompyuta inapokuwa haina umeme. Betri hiyo ikiisha, kila umeme unapokatika saa inarudi nyuma miaka mingi.

Leseni ina tarehe ya kuanza, na nyingi zina tarehe ya kwisha. Programu ikiona leo ni kabla ya siku iliyosajiliwa, au saa imerudi nyuma, huhisi mtumiaji anaichezea saa ili arefushe muda wa majaribio, na hujifunga. Aidha, kuhakiki kupitia intaneti hutumia vyeti vyenye tarehe, na tarehe ikiwa si sahihi vyeti hivyo hukataliwa. Dalili ni rahisi kuiona: tarehe iliyoko pembeni ya skrini si ya leo, na kurasa nyingi za intaneti zinadai kwamba muunganisho si salama. Badilisha betri, sahihisha tarehe, kisha ufungue programu tena. Huenda usihitaji kitu kingine.

Swali la tano: nani anathibitisha, na leseni ni ya nani hasa?

Programu nyingi za leo hazitosheki na kumbukumbu iliyo ndani ya kompyuta. Huuliza makao makuu kila baada ya muda. Microsoft 365 ya kulipia kwa mwezi au mwaka inahitaji kuunganishwa na intaneti angalau mara moja kila siku 30. Ukikaa bila megabaiti muda mrefu zaidi, utaweza kusoma maandishi yako lakini hutaweza kuyahariri mpaka uunganishe.

Iko aina nyingine ambayo kila mnunuzi wa kompyuta ya okazioni anapaswa kuijua. Mashirika na vyuo vikubwa hununua leseni kwa jumla. Kompyuta zao huthibitishwa na seva ya ndani ya shirika kwa utaratibu uitwao KMS. Seva hiyo haianzi kuzithibitisha Windows za kawaida mpaka kompyuta zisizopungua 25 ziwe zimeiomba, na kila uthibitisho hudumu siku 180. Kompyuta ikiwa ndani ya shirika hujaribu kuuhuisha kila siku 7. Ikitolewa na kuuzwa, haina tena wa kuuliza. Itafanya kazi vizuri dukani, itafanya kazi vizuri muhula mmoja, na siku 180 zikitimia itaanza kudai leseni. Kuna pia wanaoiga seva hiyo kwa programu ya udanganyifu ili skrini ionyeshe kwamba Windows imeidhinishwa, na mwisho wake ni huo huo, au ni virusi.

Unaweza kulijua hilo kabla ya kulipa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /dli kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Dirisha litafunguka. Ukiona neno VOLUME_KMSCLIENT, leseni ile ni ya shirika fulani, si yako. Ukiona OEM_DM, ufunguo uko ndani ya ubao mkuu, nayo ni habari njema. Kisha andika slmgr /xpr, uone kama uthibitisho una tarehe ya kwisha. Ni kazi ya dakika mbili.

Upande wa fiqhi

Swali la tano linatutoa kwenye ufundi na kutuingiza kwenye muamalat.

Je, haki ya kitu kisichoshikika ni mali? Maimamu wamelizungumza hili kwa njia ya manfaa. Jamhuri ya maulamaa, na madhehebu ya Shafi wakiwemo, wanahesabu manfaa kuwa ni mali, tofauti na msimamo wa Mahanafi wa zamani. Katika zama zetu, Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu ilikutana Kuwait mwaka 1988 na kutoa azimio namba 43, kwamba haki za utunzi, uvumbuzi na alama za biashara zina thamani ya kifedha inayozingatiwa kisheria, na haifai kuzivamia. Sheria ya nchi nayo ipo: Burundi ina sheria ya haki za mtunzi ya tarehe 30 Desemba 2005. Na aya ya kwanza ya Suratul Maida inatuamrisha kutimiza mikataba, na leseni ni mkataba.

Lakini wajibu hauko upande wa mtumiaji peke yake. Muuzaji anayejua kwamba uthibitisho wa Windows utakufa baada ya miezi sita, akauza kompyuta kwa maneno "kila kitu kamili", ameficha aibu ya bidhaa. Mafaqihi wana mlango mzima wa khiyari ya aibu: mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwepo kabla ya kukabidhiwa na ambayo hakuambiwa, ana haki ya kurudisha. Tunakijua kisa cha Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, aliyetia mkono ndani ya rundo la chakula sokoni akakuta chini limelowa, akamkemea mwenye nalo kwa kutoliweka bichi juu watu walione. Leseni ya siku 180 ndiyo unyevu wa chini ya rundo. Muuzaji aseme wazi, apunguze bei, na biashara yake itakuwa na baraka.

Na aliyenunua leseni halali, kisha kumbukumbu ikafutika? Haki yake haijafutika, maana haki iko kwenye mkataba. Kumbukumbu ile ilikuwa alama tu. Njia yake ni kurudi kwa aliyemuuzia akiwa na risiti na kuomba ufunguo urejeshwe au kompyuta mpya isajiliwe. Kukimbilia kuvunja kufuli kunamtoa kwenye masharti aliyoyakubali na kunamfungulia mlango mgeni asiyemjua aingie kwenye mashine yenye memwari yake. Mwenye hali ya kipekee na amuulize mwanachuoni amweleze hali yake yote. Ukurasa huu hautoshi kuwa fatwa.

Mambo ya kufanya kabla ya tatizo

1. Uandike ufunguo kwenye daftari, na uhifadhi risiti au barua pepe ya ununuzi mahali nje ya kompyuta.
2. Sajili programu kwa barua pepe yako mwenyewe. Isiwe ya fundi wala ya binamu aliyeko Dar es Salaam, kwani siku mkipoteana leseni inabaki kwake.
3. Kabla ya kufuta diski au kubadilisha kompyuta, ingia kwenye programu uiondolee usajili ikiwa ina sehemu hiyo, ili nafasi yako irudi.
4. Ikitokea programu inadai ufunguo, usifute wala usiweke upya. Tazama tarehe, tazama umeingia kwa jina gani, tazama kizuizi cha kinga ya virusi, kisha piga picha ya ujumbe ulioandikwa.
5. Memwari iwe na nakala tatu, na moja isiwe ndani ya kompyuta hiyo. Leseni hurudishwa kwa risiti. Sura mliyoiandika usiku kucha hairudishwi na mtu.

Njia isiyo na ufunguo

Zipo programu zisizoweza kupoteza leseni kwa kuwa haziulizi. LibreOffice inaandika na kufungua mafaili ya Word. R, JASP na PSPP zinafanya takwimu, na PSPP imetengenezwa mahsusi kwa waliozoea SPSS. Zotero hupanga marejeo. Sisi wa masomo ya Kiislamu tunayo Al-Maktaba al-Shamila yenye maelfu ya vitabu vya Kiarabu, na haidai ufunguo wowote. Jambo hili si geni kwa Waswahili: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili.

Wapo watakaosema msimamizi wa memwari anataka SPSS tu. Muulizeni. Wengi wanataka majedwali sahihi, na hawataki kujua yametoka wapi.

Maswali ya kujadili katika darasa

1. Fundi akikuwekea programu iliyovunjwa kufuli bila kukwambia, nawe ukajua baada ya mwezi, una haki gani kwake na una wajibu gani kwa mwenye programu?
2. Je, leseni ya muda maalumu inafanana zaidi na bei au na ijara? Toeni dalili.
3. Chumba cha kompyuta cha chuo kina leseni 20 na wanafunzi 200. Pendekezeni utaratibu wa uadilifu wa kugawana nafasi wakati wa memwari.

Allah atunufaishe kwa tuliyojifunza. Wallahu a'lam.